Anayeyumba kwenye Udhu na Sala: Ganzi ya Miguu na Hukumu Zake



Kila sifa njema ni ya Allah, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Swali hili hutujia kwa sura nyingi. Mmoja anauliza: "Sheikh, baba yangu ana sukari miaka mingi, na sasa akisimama kwenye Sala anayumba kama aliye chomboni. Je, asali kwa kukaa?" Mwengine anauliza juu ya mama yake aliyeanguka mferejini akitia udhu wa Alfajiri, na tangu siku hiyo anaogopa kutawadha peke yake. Wa tatu haulizi hukumu. Anashitaki tu kwamba mzee wake ameacha kwenda msikitini, na nyumbani watu wameanza kunong'ona kuwa imani yake imepungua, au kuwa amechezewa.

Nitaanza na mwili kabla ya hukumu. Wanavyuoni wana kanuni kwamba kulihukumia jambo kunafuata kulitambua jambo lenyewe, na mara nyingi tunawapa wagonjwa wetu majibu ya haraka bila ya kujua kinachowasibu.

Mwanaadamu husimama bila ya kuanguka kwa sababu ubongo wake unapokea habari kutoka sehemu tatu. Ya kwanza ni macho. Ya pili ni sikio la ndani, ambamo Allah ameweka chombo kidogo cha kupima mwendo na mwelekeo wa kichwa. Ya tatu ndiyo tunayoisahau, nayo ni miguu yenyewe: ngozi ya nyayo, misuli na viungo vya kifundo, vinavyoueleza ubongo kila wakati kwamba sasa uzito umekwenda mbele, sasa umerudi kisiginoni, hapa pana jiwe, hapa sakafu inateleza. Habari hizo zinapita kwenye mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo ikiharibika, misuli inaweza kuwa bado na nguvu, lakini mtu hajui miguu yake iko wapi mpaka aitazame.

Mishipa mirefu kuliko yote ni ile inayoshuka kutoka mgongoni mpaka vidoleni, ndiyo maana madhara huanzia vidole vya miguu, kwa kawaida miguu yote miwili, kisha hupanda taratibu kama mtu anayevishwa soksi. Wagonjwa wanaeleza mambo yanayofanana. Wengine wanahisi kuchomwa sindano au kutembewa na sisimizi, wengine nyayo zinawaka moto usiku mpaka wanatoa miguu nje ya shuka, na wengine wanahisi kama wanakanyaga pamba. Wako ambao lapa linavuka mguuni njiani na hawana habari mpaka waambiwe na mtoto.

Sababu iliyo kubwa kwetu ni maradhi ya sukari, hasa yakikaa miaka mingi bila ya kudhibitiwa. Lakini si hiyo pekee. Upungufu wa vitamini B12 unaleta hali hii, na metformini, dawa wanayoitumia wengi wenye sukari, ikitumika kwa muda mrefu inaweza kuishusha vitamini hiyo. Ziko dawa za kifua kikuu na za saratani zinazogusa mishipa ya fahamu, na yako maradhi ya figo, ukoma na mengineyo. Pombe nayo imo, na uharamu wake hauhitaji maelezo hapa. Kwa hiyo usiseme "ni sukari tu" wala "ni uzee tu". Daktari akijua chanzo, baadhi ya vyanzo hivyo vinatibika, na vyengine vinaweza kuzuiwa visiendelee.

Sasa tazama jinsi udhu wetu unavyomkuta mtu huyu. Katika karne ya 19 daktari wa Kijerumani aitwaye Romberg alieleza kipimo kinachotumika mpaka leo: mgonjwa asimame na miguu pamoja, kisha afumbe macho. Mwenye miguu iliyopoteza hisia alikuwa akijiegemeza kwa macho yake, na yakifumbwa anayumba au anaanguka. Madaktari wakaona pia kuwa wagonjwa kama hawa hupepesuka asubuhi wanapoinamia beseni kuosha uso. Na muumini huosha uso mara tatu, alfajiri, macho yamefumbwa kwa ajili ya maji, kainama mbele ya mfereji, sakafu imerowa, pengine umeme umekatika. Akimaliza hapo anatakiwa anyanyue mguu mmoja na kuuweka juu ya ukingo ili auoshe, akiwa amesimama kwa mguu mmoja usiohisi kitu. Mama yule aliyeanguka mferejini hakuchezewa na mtu. Aliondolewa tegemeo lake la mwisho, nalo ni macho.

Siwakatazi watu kusomeana ruqya, kwani Qur'ani ni shifaa. Lakini Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaamuru wajitibu. Anayesomewa miezi sita huku sukari yake haijapimwa amefanya nusu ya alilotakiwa.

Kutia udhu

Hakuna katika nguzo za udhu nguzo ya kusimama. Nguzo zetu katika madhehebu ya Imam Shafi ni sita: nia, kuosha uso, kuosha mikono mpaka vifundo vya viwiko, kupaka maji sehemu ya kichwa, kuosha miguu mpaka vifundo viwili, na kufuata mpango huo. Zote zinafanyika mtu akiwa amekaa. Basi mzee awekewe kigoda kizito kisichopinduka, au stuli ya plastiki yenye miguu minne mipana, mgongo wake uwe karibu na ukuta, na maji yawe kwenye ndoo na kopo mbele yake. Hilo halipunguzi thawabu hata chembe. Kwa hakika ndivyo walivyokuwa wakitawadha wazee wetu kwenye mabirika ya misikiti ya zamani, wamekaa kwenye viti vya mawe, kabla hatujaingiza mifereji mirefu na vigae vinavyong'aa vinavyoteleza kama mlenda.

Kumiminiwa maji pia hakuna ubaya. Mughira bin Shu'ba (R.A.) alimmiminia maji Mtume (S.A.W.) akiwa safarini, na alipoinama kutaka kumvua khofu zake za ngozi, Mtume akamwambia aziache kwa sababu alizivaa miguu ikiwa tohara, kisha akapaka maji juu yake. Katika tukio hilo moja tunapata ruhusa mbili ambazo wagonjwa wetu hawazitumii.

Ya pili inataka maelezo. Aliye mkaazi anaruhusiwa kupaka maji juu ya khofu kwa muda wa usiku na mchana mmoja, na msafiri siku tatu. Sharti ni kwamba azivae baada ya kukamilisha udhu, zifunike mpaka vifundo, ziwe tohara na za kuweza kutembelea. Soksi nyepesi za dukani hazitoshi katika madhehebu yetu. Kwa ambaye kunyanyua mguu kila Sala ni khatari, hii ni faraja kubwa. Lakini mguu usio na hisia usifungiwe bila ya kutazamwa. Kila siku, muda unapokwisha na khofu zinapovuliwa, mtu mwenye macho mazuri aitazame miguu ile juu, chini na baina ya vidole: iko wapi malengelenge, iko wapi pahala palipobadilika rangi, kuna msumari au mchanga ulioingia? Mwenye ganzi anaweza kutembea na kidonda siku nzima bila ya kujua, na kidonda hicho ndicho kinachoishia kukatwa mguu.

Kupitisha vidole baina ya vidole vya miguu ni Sunna. Kwa mgonjwa huyu tunaongeza kwamba baada ya hapo akaushe kwa kitambaa kikavu, maana unyevu ukibaki baina ya vidole unaleta fangasi na mipasuko. Wanavyuoni wetu wanaona bora kuacha maji ya udhu yakauke yenyewe, ila pakiwa na haja, na hapa haja ipo wazi. Mwenye kidonda ambacho daktari amekataza kisiguswe na maji ataosha palipo pazima, na palipo na kidonda ana hukumu yake ya kutayammam na kupaka juu ya bendeji. Namna zake zinatofautiana, basi amwendee sheikh wa mtaani kwake na kidonda chenyewe kikaonekane.

Nitie neno kuhusu kukanda. Miguu ikiwaka moto au kufa ganzi, watu wetu hukimbilia beseni la maji ya moto na chumvi. Mguu uliokufa ganzi hauwezi kukwambia kwamba maji yanaunguza. Ngozi inababuka na mgonjwa yuko anazungumza kwa raha zake. Kama ni lazima maji ya uvuguvugu, basi yapimwe kwa kiwiko cha mtu mwengine mzima.

Kusimama kwenye Sala

Kusimama katika Sala ya faradhi ni nguzo kwa mwenye kuweza. Imran bin Husayn (R.A.) alikuwa na maradhi ya bawasiri, akamuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu Sala yake, akaelekezwa asali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Hapa watu wanagawanyika makundi mawili, na yote mawili yanakosea. Kundi moja likisikia "mgonjwa" linaleta kiti mara moja. Kundi jengine linasema "si anatembea sokoni? basi anaweza kusimama".

Kushindwa kwa mujibu wa wanavyuoni wetu si lazima miguu ikatae kabisa. Inatosha pakiwepo mashaka makubwa, au khofu ya kweli ya kudhurika au ya maradhi kuzidi. Wametoa mfano ambao sisi watu wa visiwani tunaujua kuliko wengine: aliyepanda chombo akiogopa kizunguzungu au kuzama akisimama, anasali kwa kukaa. Mtu huyo miguu yake ni mizima, bali sakafu ndiyo isiyotulia. Mwenye ganzi sakafu yake imetulia lakini miguu haimwambii hivyo, na mwisho wao ni mmoja, yaani kuanguka.

Lakini kabla ya kukaa iko daraja ambayo watu wanairuka, nayo ni kusimama kwa kuegemea. Umm Qays bint Mihsan (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alipokuwa mtu mzima na mwili ukawa mzito, aliweka nguzo pahala pake pa kusalia akawa anaitegemea. Kwa hiyo ambaye anaweza kusimama kwa msaada wa ukuta, nguzo au bakora, asimame hivyo, na Sala yake ni sahihi. Na hapa elimu ya mwili inakuja na jambo la kupendeza: watafiti wamekuta kwamba hata kugusa kwa ncha ya kidole kitu kilichotulia, bila ya kukiegemea kwa uzito, kunapunguza kuyumba. Kidole kinaupa ubongo habari ambayo wayo umeshindwa kuipeleka. Basi mzee apewe nafasi ya mwisho wa safu, pembeni mwa ukuta au karibu na nguzo, na vijana wasimgombee hapo. Mkono mmoja uguse ukuta. Kuweka mikono kifuani ni Sunna, na kuiacha Sunna hiyo kwa udhuru ili uipate nguzo ya Sala ni katika fiqhi.

Asifumbe macho. Wako wanaofumba kwa kutafuta khushui, na Imam Nawawi ameona si makuruhu maadamu hakuna madhara yanayoogopewa. Kwa mtu huyu madhara yanaogopewa. Atazame pahala pa kusujudia, na pawe na mwanga. Kuzima taa kwenye tarawehe ili watu walie kuna wanaoumia nako.

Hatari zaidi ni wakati wa kuinuka. Maradhi yanayoharibu mishipa ya miguu yanaweza kuharibu pia mishipa inayoendesha shinikizo la damu, na mtu akiinuka ghafla damu inachelewa kupanda kichwani, macho yakaingia kiza. Sunna imekwishatuwekea dawa. Malik bin Huwayrith (R.A.) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) katika rakaa zisizo na tahiyatu alikuwa hanyanyuki mpaka akae kwanza sawasawa. Hicho ndicho kikao cha mapumziko ambacho madhehebu yetu yanakishika, ingawa siku hizi vijana wengi wanakiruka. Na kuinuka kwa kutegemea viganja vya mikono juu ya ardhi pia ni Sunna kwetu. Mzee asione haya kuchelewa nyuma ya imamu kwa kiasi hicho. Na imamu naye akumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaamuru maimamu wafanye wepesi kwa sababu nyuma yao wapo dhaifu, wagonjwa na wazee.

Akiwa anaogopa kuanguka hata akishika ukuta, basi akae. Swali linalofuata ni akae wapi. Mwenye ganzi wengi wao tabu yao ni kusimama, ama kusujudu wanaweza vizuri kabisa. Mtu wa namna hii akikaa kitini na kuashiria sijda kwa kichwa, ameiacha nguzo aliyokuwa akiiweza. Yeye akae chini juu ya msala, arukuu kwa kuinama, na asujudu kwa paji la uso. Kiti ni cha yule ambaye kushuka chini na kuinuka ndiko kunakomwangusha, au magoti hayakunjiki. Na huyo akiwa anaweza kusimama, asimame kwenye kisomo kisha akae anaposhindwa. Namna yoyote ya kukaa inafaa, ila asiukalie mguu mmoja kwa muda mrefu, maana mshipa wa fahamu unaopita pembeni mwa goti unabanwa na ganzi inazidi.

Ikiwa peke yake nyumbani anaweza kusimama Sala nzima, lakini jamaa inamchosha hadi akae baadhi yake, wanavyuoni wetu wamesema kusali peke yake kwa kusimama ni bora, na akisali na jamaa akakaa anaposhindwa Sala yake ni sahihi. Sunna zote, tarawehe ikiwemo, anaruhusiwa kuzisali kwa kukaa hata asiye mgonjwa.

Nyumbani na hospitali

Watoto wanaweza kufanya mengi kwa gharama ndogo. Taa ya kuchaji iwe karibu na kitanda, kwa sababu njia ya kwenda chooni usiku ndiyo njia ya maanguko. Mikeka inayokunjana pembeni iondolewe. Chuma cha kushikia kifungwe ukutani chooni kwa nati za kweli, si kwenye mlango wala bomba. Ngazi za nyumba za Mji Mkongwe zinajulikana, basi mzee wa ghorofani ahamishiwe chini ikiwezekana, na kama haiwezekani pafungwe kamba nene au mbao ya kushika kuanzia juu mpaka chini. Malapa yaliyolegea, na mitalawanda kama bado mnayo, yasitumike. Avae kiatu kinachoshika kisigino, chenye soli ngumu kiasi, isiyo nene na laini kama godoro. Asitembee pekupeku, hata ndani ya nyumba, wala pwani kwenye mwani.

Bakora wazee wetu wanaikataa kwa sababu wanaona inawazeesha. Urefu wake ufike kwenye mkunjo wa kiganja mtu anaposimama mkono umening'inia. Kama mguu mmoja ni dhaifu zaidi, bakora ishikwe mkono wa upande wa pili.

Na mazoezi yapo. Kuyumba kunapungua kwa kuzoezwa, hata kama ganzi haiondoki. Ashike meza nzito, ainuke kwenye kiti na kukaa mara kumi. Anyanyue visigino akisimama kwa vidole, ashuke taratibu. Atembee pembeni mwa ukuta akiweka kisigino mbele ya vidole. Mtu awe karibu naye siku za mwanzo. Wataalamu wa mazoezi ya viungo wapo katika hospitali zetu kubwa, Mnazi Mmoja kwa Unguja na Abdalla Mzee kwa Pemba, na kliniki za sukari zipo. Aendapo aombe miguu ipimwe hisia, na aulizie B12. Dawa za kupunguza maumivu ya kuwaka zipo kwa daktari, lakini nyengine zinaleta usingizi na kizunguzungu, basi amweleze kwamba anayumba. Mwenye kutaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari kabla, kwani sukari ikishuka ghafla nayo inaangusha.

Yako mambo ambayo hayangoji miadi ya kliniki. Udhaifu wa ghafla wa upande mmoja, mdomo kwenda upande au ulimi kuwa mzito hiyo ni dalili ya kiharusi. Ganzi au udhaifu unaopanda haraka ndani ya siku chache, kushindwa kuzuia mkojo, au kidonda cha mguu chenye harufu na homa, vyote hivyo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kamati za misikiti nazo zina lao. Viti vitatu vya mawe au saruji mbele ya mifereji mifupi, vyuma vya kushikia, sakafu iliyokwaruzwa isiteleze na taa inayowaka umeme ukikatika ni wakfu mdogo sana ukilinganisha na zulia jipya, na mzee aliyeacha kuja Alfajiri atarudi.

Yamebaki maswali mawili yanayoulizwa sana. La kwanza, je, atazilipa Sala alizosali kwa kukaa, akipata nafuu? Hapana, hazilipi. Na Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba mgonjwa anaandikiwa mfano wa alivyokuwa akifanya alipokuwa mzima. La pili, mzee aliyekuwa imamu wetu miaka yote, anaweza kuendelea kutusalisha naye amekaa? Anaweza, nanyi mtasimama nyuma yake, kwani Mtume (S.A.W.) katika maradhi yake ya mwisho alisalisha akiwa amekaa na watu wakiwa wamesimama.

Wallahu aalam.